Kiti cha Buluu cha Mama Viti

Tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya wagonjwa mahututi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye mwaliko. Humu ndani tutamwita kama tulivyozoea kumwita akishatupa mgongo: Mama Viti. Anajua. Amejua siku zote, ila alijifanya hajui ili asituharibie raha.

Alianzia wodi ya watoto, akahamishiwa kwetu enzi za vitanda vichache na mashine mbili za kupumulia, moja ikipiga kelele kuliko wageni wote wa saa ya kutazama wagonjwa. Amefundisha wauguzi ambao wengine leo ni wakubwa wake, na alisimamia kuhamia jengo jipya bila kupotea hata kijiko. Hana dogo. Ukimshika mgonjwa wa pili kwa glavu za mgonjwa wa kwanza, sauti yake utaisikia hadi usingizini. Ndiyo maana kuandika haya nimeachiwa mimi. Wengine wote walikula kona.

Jina la Viti alilipata hivi. Zamani, ubongo wa mgonjwa ukishakufa, ndugu waliambiwa wakiwa wamesimama kwenye korido, huku machela na ndoo zikiwapita. Kisha waliulizwa kama mashine izimwe au iachwe. Binti mmoja, kifungua mimba wa familia yake, alijibu kwa niaba ya wenzake kwamba izimwe. Mwaka uliofuata alirudi wodini, na hakuwa na mgonjwa. Wadogo zake walikuwa wamemsusa kwa kumwona yeye ndiye aliyemuua baba yao, na alitaka mtu amwambie kama ni kweli. Mama Viti alimtafutia kiti, wakazungumza mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo hakuna ndugu aliyepewa habari ile amesimama, wala aliyeulizwa swali lile. Alitufundisha kusema waziwazi kwamba mtu wao amekufa; kwamba kifua kinapanda na kushuka kwa sababu mashine inasukuma hewa, na moyo bado unapiga kwa sababu hewa hiyo inaufikia. Kusema mashine "inamsaidia kupumua" ni jambo alilolipiga marufuku, kwa kuwa anayesaidiwa hutarajiwa kupona. Ndugu huulizwa tu nani asubiriwe aje kuaga. Alipigania pia kwamba anayetaka kushuhudia kipimo cha mwisho aruhusiwe: mashine hutolewa kwa dakika chache, na madaktari wawili hutazama kama mgonjwa atavuta pumzi mwenyewe. Daktari bingwa wetu alikubali shingo upande, baada ya miezi ya kubishana.

Viti vyenyewe alivikusanya popote alipovikuta, na kile cha buluu cha mhasibu hakijarudi hadi leo. Ilifika mahali akikusogezea kiti tu, unakimbilia simu kuuliza kama nyumbani wote wazima. Mama wa usafi aliona heri ale chakula chake cha mchana amesimama kuliko kukubali kiti kutoka kwake.

Kisha yakamfika yeye. Mdogo wake, fundi wa mapaa, alianguka kazini akaletwa kwetu, na vipimo vya kwanza vilionyesha kwamba ubongo umekufa. Ndugu wote walimgeukia yeye: wewe ndiye unayejua mambo haya, wewe sema. Mama yao aliushika mguu wa mwanawe, akauona una joto, akasema mtu mwenye joto hivi hazikwi. Na huyu aliyetufundisha maneno yote alivaa glavu. Akaanza kumsafisha mdogo wake mdomo, kunyoosha shuka iliyokwisha kunyooka, kugusa mashine isiyo na kasoro. Aliogopa, alituambia baadaye, kwamba akifungua mdomo, mama yake atamwona muuaji maisha yake yote.

Yule daktari bingwa ndiye aliyebeba viti viwili, cha buluu na kingine, akaviweka kando ya kitanda. Akamvua glavu mwenyewe. "Sista, leo wewe ni dada wa mgonjwa. Kazi tuachie sisi."

Mama yao alitaka kushuhudia kipimo. Mashine ilipotolewa, Mama Viti aligeukia pazia. Mama ndiye aliyetazama, kiganja juu ya kifua cha mwanawe, akingoja kinyanyuke. Hakikunyanyuka. Akaketi, akamvuta binti yake kwa pindo la sare.

"Kaa, mwanangu. Si wewe. Alishakwenda."

Mama Viti akakaa kwenye kile cha buluu, akalia kwa sauti, nasi tukalia. Mashine ilirudishwa wakamsubiri kaka yao aliyekuwa njiani, wakaaga pamoja, ndipo ikaondolewa kabisa. Mama anaishi na binti yake hadi leo, na kila akija hapa hulalamika kwamba hata sebule imepangwa kama wodi.

Mama Viti alirudi kazini baada ya likizo na hakubadilisha utaratibu wake, isipokuwa jambo moja. Zamani aliwaketisha ndugu, yeye akasimama nyuma yao. Tangu aliporudi, naye huvuta kiti akakaa nao.

Kuhusu zawadi tulivutana sana. Saa ya ukutani ilikataliwa na wengi. Mwisho tumekichukua kiti cha buluu, tumekikaza miguu na kukishonea mto mpya, na mhasibu ametusamehe. Asante kwa kututoa kwenye korido. Asante kwa niaba ya watoto na wazazi waliotoka hapa wakilia, bila kulaumiana. Msalimie mama. Tunakutakia afya njema na asubuhi nyingi za uvivu.

Kaa, Sista. Leo hatuna habari yoyote ya kukupa.