Nzai Mramba na Sauti Aliyoitafuta Miaka Tisa

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, mvua ya alfajiri imekatika na mawingu bado yamefunga, nasi tumekusanyika hapa Lunga Lunga kumzika Nzai Mramba, ambaye historia yake naisoma mimi Purity, kifungua mimba wake, kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa papa hapa tarehe 3 Machi 1967, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985, na tarehe 1 Julai 1988 akaajiriwa kama dobi katika hoteli moja ya Diani, ambako baada ya miaka mitatu alihamishiwa bendi ya hoteli kupiga gitaa. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na mama yetu, Mbodze, wakajaliwa mimi na ndugu yangu Lewis.

Mwezi Agosti 2014 mgeni mmoja alimwachia diski ya jazi iliyochanganywa na roki, na ndani yake kulikuwa na kipande ambapo gitaa la umeme liliimba peke yake kwa sauti safi, isiyokwaruza wala kuvuma, kila noti ikisikika tangu inapoguswa mpaka inapozimika. Baba alitaka kukipiga kipande kile chote kwa sauti ile ile. Alibadilisha amplifaya mara tatu, akapunguza besi, akaongeza mwangwi, akauondoa, akaandika kila kipimo daftarini pamoja na tarehe yake, na bado gitaa lilisikika kana kwamba limefunikwa blanketi, hata wenzake wakamtania kwamba dobi haachi kufua, sasa anafua hewa.

Kosa lilikuwa nyumbani. Kwa kuwa hewa ya bahari huzitia nyuzi kutu, mama alimpikia mafuta ya nazi, naye alizipaka kila Ijumaa, bila kujua kwamba mafuta yale ndiyo yaliyoififisha sauti. Septemba 2023 mama alivunjika mkono, mafuta yakakosekana, baba akafunga nyuzi mpya kavu, na sauti ikaja siku hiyo hiyo. Hakumwambia mama, na mama alipopona, baba aliendelea kupokea kichupa chake cha mafuta kila wiki, akijipaka miguuni, hadi mama alipogundua, akalia kwamba amemzibia mumewe sauti miaka tisa. Baba alimjibu, "Nyuzi hazikushika kutu hata moja, mama Purity, kutu ilikuwa masikioni mwangu."

Lakini tangu Januari 2024 kisukari kilianza kuvitia ganzi vidole vyake vya mkono wa kushoto, hivyo kila Jumapili alasiri alijirekodi kwa simu, akishindana na vidole vyake ili akimalize kipande kile. Alirekodi mara ya mwisho tarehe 25 Mei 2025, akalazwa hospitali ya Msambweni tarehe 30, na akafariki Jumapili, tarehe 8 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kukaa nasi matangani, na wanabendi waliolibeba jeneza. Pumzika salama, baba, mikono yako imefanya ilichoweza. Kabla hajashushwa kaburini tutaisikiliza rekodi yake ya mwisho: kipande cha diski kina sekunde hamsini na nane, naye alipiga, kwa sauti safi, arobaini na moja.