Makuti Ishirini ya Mwalimu Purity

Mheshimiwa Diwani wetu, Mwalimu Mkuu Bi Kahaso, masheikh na wachungaji mlioketi pamoja hapo mbele, wazazi wa Mwabungo, ndugu wageni waalikwa: Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mimi ni Mwanarusi, mwenyekiti wa kina mama washona makuti, na mke wa Sefu, yule pale aliyeomba sahani ya pili ya pilau. Nimepewa dakika tano nimuage Mwalimu Purity, anayerudi kwao Murang'a. Mwanijua; zitakuwa saba.

Mwalimu alipofika hapa alitaka kujua kila kitu, hata kushona makuti. Sasa, Mwalimu hutumia mkono wa kushoto, na majani ya mnazi akiyakunja juu ya upapi, ule ufito wa kushonea, yalilala kinyume na yetu sote. Mvua moja tu, kuti limefunguka. Je, nani angemwambia? Mgeni ni mgeni. Tulimsifu, "Mashaallah, Mwalimu, umeweza," kisha tukayachukua majumbani tukayafumua na kuyashona upya, miezi minane, hata Bi Jumwa akavimba kidole. Naye kwa kusifiwa huko akashona ishirini peke yake, akampa Waziri, fundi wa nyumba, aezekee banda lake la kuku. Hakutuambia. Hayo ndiyo pekee ambayo hatukuyagusa.

Mnakumbuka mwaka jana marehemu Chande, Mola amrehemu, alipokutwa ameuawa kando ya shamba letu, amefunikwa makuti. Nani muuza makuti? Sefu. Nani aliyegombana na Chande asubuhi ile kwa ajili ya mbuzi walioingia shambani? Sefu huyo huyo. Akachukuliwa, na jamani, nilikuwa na hofu kwamba sitakula naye tena sahani moja.

Afisa wa upelelezi alituita kina mama akatuonyesha yale makuti. Tukatazamana. Kila mmoja wetu aliujua mkono ule, na hakuna aliyefungua kinywa. Tumtaje mtoto wa watu, asiye na ndugu hapa, katika jambo la damu?

Bi Mapenzi ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akamsimulia Mwalimu jinsi majani yalivyolala. Mwalimu hakumaliza hata chai. Alikwenda kituoni mwenyewe, akasema makuti ni yake na alimpa Waziri. Nanyi mwajua: mgeni akijitokeza kusema kilichofunika maiti ni chake, ataachwa aende zake? Alilala rumande siku mbili, mpaka polisi walipokwenda kwa Waziri wakakuta paa la banda limebaki fito tupu upande mmoja. Waziri alikiri. Yeye na Chande walikuwa wakigombania kiwanja. Sefu wangu akarudi nyumbani, na vigelegele vya siku ile nasikia vilifika Galu.

Hadithi hiyo mnaijua nyote. Kuna kipande msichokijua, nami siwezi kumwacha Mwalimu apande gari bila kukisema.

Asubuhi ile Mwalimu alipokwenda kituoni, nami nilivaa buibui nikaenda huko huko. Nilimkuta Mwalimu kwenye benchi, ameshavuliwa viatu. Alinishika mkono akaniambia, "Mama Yusra, rudi nyumbani. Nimeshawaambia makuti ni yangu. Baba Yusra atatoka." Alidhani nimekuja kumtazama mume wangu.

Mwanangu Purity, sikuja kumtazama Sefu. Nilikuja kukutaja wewe. Sikujua habari za Waziri. Nilijua mkono wako tu, na nilikuwa tayari ufungwe wewe ili mume wangu atoke. Ulinitangulia kwa nusu saa, ukaniokoa mimi pia, nisiwe mtu wa kumuuza mgeni wake.

Niwie radhi, mwanangu. Nyumba yangu ni yako, uje bila hodi.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia. Sasa niacheni nikamkumbatie.