Bi. Peng Chiu-yun, Aliyelishika Jukwaa kwa Saa Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kumi na miwili katika laini ya tatu ya kiwanda chetu cha redio na kumi na tisa bungeni Taipei, Bi. Peng Chiu-yun anastaafu rasmi tarehe 31 Januari 2012. Anastaafu kwa hiari, baada ya chama chake cha siasa kugundua, bila kumuuliza, kwamba amechoka.

Wa zamani hawajakisahau kile kibao cha msalani, ambacho bila kukishika hukuruhusiwa kwenda haja. Tulikuwa wanawake arobaini na kibao kimoja cha mbao, kikining'inia shingoni mwa msimamizi, Bwana Ko, ambaye alikionea uchungu kama urithi wa mama yake. Mwenzetu A-kuan, mjamzito wa miezi saba, alikiomba mara tatu akanyimwa. Mara ya nne hakuomba, maana alikuwa amekwisha kulowa. Alivua aproni, akapita mbele yetu sote, na hakurudi tena kazini. Mimi nilikaa kiti cha pili kutoka kwake na sikuinua uso. Bado inaniuma.

Kesho yake Chiu-yun hakugoma, kwani kugoma kulikuwa na kesi. Alikwenda kuomba kibao kwa adabu zote, na nyuma yake tukapanga foleni wengine thelathini na wanane. Laini ikasimama. Kufikia jioni vibao vilikuwa vinne, na chama cha wafanyakazi kilikuwa na mwenyekiti.

Wanasiasa waliipenda mikono yake. Walimpiga picha ya kampeni akiwa ameshika chuma cha kulehemu upande ule unaounguza, kwa kuwa mpiga picha aliona kinapendeza hivyo. Kila aliyewahi kulehemu alimpa kura, nadhani kwa huruma.

Ubunge kwetu ni misiba na harusi. Siku moja ya heri katika kalenda alihudhuria misiba mitano na harusi nne. Harusi ya nne aliingia mbio, akaona picha kubwa ya bwana harusi mlangoni, akainama mara tatu kama tuinamiavyo picha ya marehemu, na kufuta chozi. Nyanya wa kijana akamshika mkono.

"Mheshimiwa, huyu wetu bado yupo. Ingia ule, samaki anapoa."

Muswada wake ulikuwa mmoja tu: mfanyakazi aende msalani bila kumwomba mtu. Ulilala katika kamati miaka kumi na saba. Wenye viwanda walikuwa marafiki wa vyama vyote, na hilo ndilo jambo pekee ambalo vyama vyetu havijawahi kurushiana viti kwa ajili yake.

Siku ya mwisho ya mkutano wa Bunge, saa tatu asubuhi, alipanda jukwaa la Spika, akakumbatia kipaza sauti na kukataa kushuka. Kulikalia jukwaa si jambo geni bungeni, ila wenzake hukaa kwa zamu. Yeye alikuwa amefundishwa na Bwana Ko. Bila jukwaa hakuna kura, na chama chake kilikuwa na muswada wa kuwapunguzia kodi marafiki wale wale, ambao ungekufa mkutano ukifungwa saa sita usiku. Saa kumi alasiri mnadhimu wa chama, Bwana Wen, akamwendea kwa sauti ya asali.

"Dada, nenda ujisaidie. Nafasi yako nitakushikia."

"Nitakwenda," akajibu, "sheria ikisharuhusu."

Saa kumi na mbili jioni alimwachia Spika kipaza sauti kwa kura moja tu, nao wakaupitisha muswada wake wa msalani, mikono yote juu. Katika picha rasmi wanaonekana wabunge thelathini wakishangilia sheria waliyoipigania kwa moyo wote. Yeye hayumo, na mnajua alikuwa wapi. Wiki mbili baadaye chama kilipotangaza wagombea wake, huko nako hakuwemo.

Leo kazini, nikiwaza jinsi ya kumaliza wasifu huu, niliinuka nikaenda msalani. Sikumwomba mtu. Binti anayekaa kando yangu alisogeza kiti nipite, akaendelea na kazi yake. Hajui kwamba jambo hili liliwahi kuwa vita.

Ahsante, Dada Chiu-yun. Afya njema na siku nyingi, sisi wa laini ya tatu tunakuombea.