Bawa la Namba Sita: Maisha ya Nicodème Tshilumba

Baba padri, Masœur Clotilde, wazee wa reli, bamama mliokaa chini hapa tangu jana, nanyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja kulia pamoja nasi, mimi ni Ambroise Mukendi, karani wa stesheni, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana yeye mwenyewe aliniagiza jambo moja la kusema, nami sitalipunguza.

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, Nicodème Tshilumba alizaliwa tarehe 3 Mei 1911, karibu na Luputa, kule Kasai, mtoto wa kwanza wa baba yetu, mtandika reli, aliyetuleta hapa Kamina mwaka 1926, wakati stesheni ilikuwa bado mabati manne na tangi la maji. Alisoma shule ya misheni hapa hapa, kuanzia mwaka huo hadi Juni 1930, akawa wa kwanza katika hesabu, lakini kuimba, jamani, hapana, mwalimu alimwomba afungue mdomo tu bila kutoa sauti.

Tarehe 2 Januari 1931 aliingia karakana ya mabehewa kujifunza useremala, akakaa huko hadi tarehe 1 Agosti 1935, siku ambayo Bwana Amédée Delcourt, fundi mitambo Mzungu, alifungua banda lake nyuma ya njia ya Bukama, akaanza kutengeneza ndege ndogo za mbao na kitambaa, akachukua wafanyakazi sita, wa kwanza akiwa marehemu. Watu wa kambi ya reli walimcheka sana, wakimwambia, weye Tshilumba utatengeneza ndeke, kwanza tengeneza mulango ya nyumba yako, iko naanguka, na kusema kweli mlango ule ulikuwa unaanguka.

Tarehe 25 Julai 1936 alifunga ndoa katika kanisa hili na shemeji yangu Valérie Mbombo, aliyefundishwa kushona na watawa, na Bwana Delcourt alipoona mkono wake akamwajiri ashone vitambaa vya mabawa, hivyo mume akatengeneza mifupa, mke akavisha ngozi. Mungu aliwajalia watoto watano, wanne wako hapa mbele yenu, na mmoja, Léonie, alitangulia, nitafika hapo.

Ndege namba moja iliruka tarehe 12 Juni 1937 mbele ya Kamina nzima, ikatua katika nyasi ndefu na kupanda kichuguu, lakini hakuumia mtu, na hadi mwaka 1940 zikatoka namba mbili, namba tatu na namba nne. Kisha vita ikafunga njia, injini hazikuja tena kutoka Ulaya, banda likatengeneza madawati na majeneza kwa miaka mitano, marehemu akisema kwamba jeneza nalo linataka pembe zilizonyooka. Namba tano iliruka mwaka 1948, na namba sita, yenye viti vitatu, iliruka tarehe 3 Machi 1951, na hiyo njo habari aliyoniagiza.

Gundi ya mabawa ilikuwa unga wa maziwa, unakorogwa na maji asubuhi, ukifika saa sita mchana unatupwa, hata kama sufuria bado imejaa. Na kila walipounganisha mbao, walitumia gundi ya sufuria ile ile kuunganisha vijiti viwili, wakavifunga kamba na kuandika namba, na kesho yake wakavibana kwenye jiliwa la chuma na kuvivunja, ubao ukipasuka wenyewe, gundi ni nzuri, lakini vijiti vikiachana pale pale kwenye gundi, bawa zima linafunguliwa na kazi inaanza upya, na desturi hiyo marehemu ndiye aliyeilinda kwa miaka kumi na sita, alivunja hata vijiti vya rafiki zake bila kuona haya.

Jumanne tarehe 6 Februari 1951, mvua ikinyesha, alikoroga gundi saa mbili, akaitwa nyumbani, Léonie ana homa, akambeba mpaka dispensari, na mtoto akamfia mikononi saa tano na nusu, akiwa na miaka mitatu. Saa nane alirudi bandani, msiniulize kwa nini alirudi, labda hakujua mahali pengine pa kuweka mikono yake, akakuta sufuria pale pale na bawa la kushoto linamngoja, akalipaka gundi ile, akalifunga, halafu akaja kulia pamoja nasi. Alhamisi, baada ya kumzika mtoto, alivunja vijiti vya bawa hilo, vikaachana kwenye gundi, safi, kama maganda ya karanga.

Alimwendea patron, Bwana Delcourt, na vijiti mkononi, akamwambia kosa ni langu, tufungue, patron akagonga bawa kwa ngumi, akasema liko nguvu, mnunuzi amekwisha kufika, weye una huzuni tu ya mutoto. Alimwendea mara ya pili, na mara ya tatu akaambiwa akisema tena atafukuzwa yeye na mkewe, na Valérie akaagizwa kushona kitambaa juu ya bawa, akakishona, machozi yakimtoka. Alifikiri kulivunja kwa nyundo, alikuja kuniuliza, na mimi nikamwambia, yaya, una watoto wanne, unataka wakale wapi ukiwa gerezani? Neno hilo ni langu, liandikeni kwangu.

Ndege ikaruka, haikuanguka. Mwaka 1954 banda likafungwa, kwa sababu kwenye uwanja mkubwa wa jeshi zilikuwa zimekuja ndege za chuma, Bwana Delcourt akarudi kwao, namba saba ikabaki mbavu tupu, na marehemu akarudi kwenye mabehewa. Namba sita ilikuwa sasa inabeba wagonjwa wa misheni, na kila ilipopita juu yetu, alisimama njiani na kofia mkononi mpaka sauti iishe. Alikwenda ofisi ya uwanja mara nne, mkaguzi akatazama bawa kwa nje, gundi iko ndani, ataona nini, akasema imeruka miaka yote hii, weye fundi mbao unajua kuliko hewa? Hata sisi wa nyumbani tulichoka naye, eh, tulimwambia, ndeke yako inalala muzuri, weye tu njo haulale.

Jumamosi iliyopita, tarehe 9 Novemba 1957, tumbo lilimkamata, utumbo ukajifunga, na Jumatatu Masœur Clotilde, mtawa muuguzi, alikuja kwa huruma yake kumpeleka Elisabethville kwa ndege, siku hiyo hiyo apasuliwe. Tulimbeba kwa machela hadi uwanjani, akaona namba sita kwenye mkia, akashika nguzo ya uzio kwa mikono miwili, akakataa, akamwomba rubani asiruke tena mvua hizi, maana gundi mbovu ikilowa inaachia, rubani akacheka, na mimi nikamwita yaya wangu mwoga mbele ya mke wake. Alikwenda kwa treni ya Jumanne, akafika Jumatano jioni, madaktari walimpasua mara moja, wakakuta utumbo umekwisha kuwa mweusi, akafariki Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita. Ndege ilikwenda bila yeye na kurudi salama. Njo hapo miye nashindwa kulala, bantu bangu, sijui kama alikufa kwa akili au kwa majuto.

Familia inawashukuru madaktari wa Elisabethville, ambao hawakukawia hata dakika moja, majirani wa kambi kwa maji na kuni, wafanyakazi wa mabehewa waliotengeneza jeneza hili, pembe zake zimenyooka. Na tunakushukuru wewe, Masœur, uliyefunga siku tatu ukimwombea. Nimeambiwa unaondoka leo saa tisa kwa namba sita, pamoja na yule mama aliyejifungua na mtoto wake, kwenda dispensari yako ng'ambo ya Bukama. Treni ya Bukama inaondoka kesho saa moja asubuhi, nafasi tatu nimekwisha kuziandika kwa mkono wangu, mbele ya maiti ya yaya nakuomba, pandeni treni.

Hayo ndiyo aliyoniagiza. Padri ananionyesha nimalize, rubani, aliyekuja kumchukua Masœur, amekwisha kutoka nje, na Masœur anatikisa kichwa polepole, ananitazama kwa huruma, huruma ile ile niliyomtazama nayo yaya pale kwenye uzio. Nicodème, nimesema mbele ya watu wote, nimeshindwa kama weye ulivyoshindwa, pumzika kwa amani.