Kabati Lililongoja Mgeni Rasmi

Wasikilizaji wapendwa, leo sianzi na muziki. Nina hasira, na hasira haipigiwi gitaa.

Tunamkumbuka muuguzi mmoja. Wagonjwa wa saratani walimwita Sista Taratibu, kwa sababu hakumchoma mtu sindano kabla ya kumwambia, "Taratibu mpenzi, vuta pumzi." Ukikunja uso anakutania: "Mshipa wako unanikimbia kama nimekuja kudai posa!" Miaka kumi na minne alichanganya dawa za saratani. Narudia, miaka kumi na minne, juu ya meza ya kawaida karibu na dirisha.

Dawa zile huua saratani, lakini hazichagui. Tone likikurukia, au ukivuta mvuke wake, zinakudhuru na wewe mzima. Ndiyo maana huchanganywa ndani ya kabati maalumu la kioo, linalofyonza hewa.

Sasa nisikilizeni. Kabati lilikuwepo! Hatua tatu kutoka mezani kwake. Limeshaunganishwa umeme, limejaribiwa, kisha likafunikwa nailoni na kufungwa utepe, lingoje mgeni rasmi aje kulizindua. Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Miaka miwili! Sista aliandika barua kuomba lifunguliwe. Hakujibiwa. Mwisho akawa anatundika mkoba wake kwenye kona ya kabati hilo.

Mumewe ni fundi cherehani. Aliniambia, "Alikuwa akirudi analalamika mdomo una ladha ya msumari. Nikamshonea magauni mawili ya pamba, mikono mirefu. Nilidhani nimemkinga." Akaongeza: "Kumbe pamba inapitisha dawa, ndugu yangu. Na tulikuwa tunayafua na nguo zetu."

Jamani! Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo ilishonwa kwa mapenzi.

Mimba mbili ziliharibika. Kisha ikaja saratani ya damu. Mganga mkuu anasema hakuna uthibitisho kwamba ni dawa zile. Sawa, daktari, mimi si mtaalamu. Lakini kifaa ambacho kingetuondolea swali hilo, ninyi mlikivika utepe.

Alifariki Jumanne, katika wodi ileile aliyoihudumia. Aliyemtundikia dripu ya mwisho ni mdogo wake wa tumbo moja, muuguzi pia. Na baada ya mazishi, nani kakabidhiwa meza ya dirishani? Huyohuyo mdogo mtu. Meza ileile, wasikilizaji. Hawana haya!

Binti alichukua mkasi wa kukatia bandeji, akakata utepe, akachana nailoni, akawasha kabati. Akachanganya dawa za wagonjwa tisa.

Kabla jua halijazama alishapewa barua ya onyo: kuzindua mali ya hospitali bila idhini. Ninayo hapa mezani. Barua ya dada yake ilikosa jibu miaka miwili. Hii iliandikwa siku hiyohiyo.

Kwa shemeji yetu fundi, kwa familia nzima, na kwa wauguzi wote, poleni sana. Mungu amlaze Sista Taratibu mahali pema. Na wewe unayenisikia ukiwa na cheo, jiulize ni nini umekifunika nailoni huku mtu anaumia pembeni yake.

Asubuhi hii nilimpigia yule binti. Nikamuuliza, barua ya onyo utaijibu vipi? Nyuma yake kabati lilikuwa linavuma.

"Nitaijibu, kaka," akasema. "Ngoja kwanza nimalize dawa za wagonjwa."