Mutheu na Mkebe wa Dawa Zilizobaki

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Ni mimi Kui, na leo mtanivumilia. Nina kikohozi cha siku tatu na sauti inakwaruza. Dianah, anayeniendeshea mitambo, ameniuliza kama tuahirishe. Nimekataa. Kipindi hiki nimeshakiahirisha mara mbili, na haikuwa kwa sababu ya kikohozi.

Leo tunamkumbuka Mutheu Nzomo, aliyetutoka Alhamisi, wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Mama Syokau. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika kiwanda cha matunda hapa Eneo la Viwanda, Thika. Kama umewahi kula nanasi la mkebe, huenda ni mikono yake iliyolimenya. Aliugua maambukizi ya njia ya mkojo. Ugonjwa wa kawaida kabisa, na dawa zikakataa kufanya kazi. Nasema tena polepole: ugonjwa wa kawaida, na dawa zikakataa.

Mutheu alinijua kabla ninyi hamjanijua. Nilipoanza redio nilipanga chumba Makongeni, kwenye ploti ya milango kumi na minne na bomba moja. Mlango wangu ulikuwa wa tisa, wake wa kumi. Jioni ya kwanza alinigongea, sahani ya muthokoi mkononi. "Wewe ndio wa redio? Kula kwanza. Ukiongea na njaa, watu watasikia tumbo." Huyo ndiye Mutheu.

Juu ya kabati lake kulikuwa na mkebe. Mkebe wa maziwa ya unga, yale yaliyomlea Syokau, wenye kifuniko cha plastiki. Ndani mlikuwa na dawa. Zile za rangi mbili, vidonge vyeupe, vipande vya paketi vilivyokatwa na makasi, vingine havina hata jina. Nyingi zilikuwa hizi tunazoita antibayotiki. Zilikuwa za ploti nzima, na zilikuwa na sheria moja. Ukipewa dozi hospitali, meza mpaka usikie nafuu. Zinazobaki, rudisha kwa mkebe, mwenzako naye apone.

Nataka mnielewe hapa, wapendwa. Kwenye ploti yetu, kumaliza dozi kulikuwa uchoyo. Musembi wa mlango wa tatu aliwahi kumaliza dozi yake ya siku saba, na akina mama wakamsema pale bombani wiki nzima. "Mtu mzima anakula dawa zote kama peremende! Hata hafikirii watoto wa wenyewe?" Musembi aliomba msamaha. Mnasikia? Aliomba msamaha kwa kufuata alichoambiwa na daktari.

Na mimi je? Mimi nilikula kutoka mkebe huohuo. Koo likikauka, nabisha mlango wa kumi, Mutheu ananipimia mbili. Kesho yake naamka na nafuu. Yalikuwa mafua tu, na dawa hizo hazitibu mafua. Yangeisha yenyewe. Lakini nani alijua? Nilichojua ni kwamba jirani ameniponya.

Ndipo nikafanya jambo ambalo limenifanya nikikimbie kipindi hiki mara mbili. Nilimsifu hewani. Miaka sita iliyopita, kwa maikrofoni hii hii, nilisema: "Kila ploti ingekuwa na Mutheu wake, hospitali zingepumua."

Watu walisikia. Walikuja kutoka Ruiru, kutoka Kamakis, wengine wamebeba mikebe mitupu, wanataka kuona wa Mutheu unavyopangwa. Naye alicheka sana. "Kui, umenifanya daktari na sijaenda shule ya udaktari!" Alifurahi. Mimi pia nilifurahi, na niliona nimefanya kazi ya maana.

Ugonjwa wake ulianza Januari. Mkojo ulichoma. Alifungua mkebe, akameza siku mbili, ukatulia. Machi ukarudi. Akafungua mkebe. Juni ukarudi tena. Kila mara vijidudu dhaifu vilikufa, na vile vilivyobaki ni vile sugu, vinavyoijua dawa na haiviwezi. Hivyo ndivyo muuguzi alivyonieleza, na alinieleza kama mtu aliyechoka kueleza. Agosti Mutheu alikubali kwenda kliniki, akapewa dozi ya siku kumi. Shikeni hapo. Dozi ya siku kumi.

Septemba homa ilimwangusha kazini. Syokau, binti yake wa pekee, anayesoma na kuishi Kahawa Wendani, alimkuta wodini. Aliniambia hivi kuhusu mama yake: "Mwaitu alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Na bado ananiuliza kama nimekula."

Mkojo ukapelekwa maabara ili vijidudu vioteshwe na kujaribiwa dawa. Siku tatu za kungoja. Alikuwa akipewa dawa, na homa ilikuwa ikipanda. Majibu yakaja. "Karatasi ilikuwa na dawa kumi na mbili," anasema Syokau. "Kumi na moja, daktari alikuwa amezipiga mstari. Mimi nikafikiria zenye mstari ndizo zitamsaidia mum."

Ngai! Kumi na moja zilikuwa zimeshindwa. Ya kumi na mbili ilitundikwa kwa dripu siku hiyohiyo, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye damu na figo zimeanza kusimama. Alhamisi, saa nne asubuhi, Mutheu akakata roho. Syokau alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Tulimzika kwao, Ngoliba. Kaka yake, Mzee Muli, hakutaka hotuba ndefu. Alisema, "Dada yangu hakujua kula kitu peke yake," akakaa chini.

Siku nne baadaye Syokau akanipigia simu. "Auntie, kuja ploti." Nikaenda. Alikuwa ameushusha mkebe, umewekwa mezani. Juu kabisa kulikuwa na bahasha ya kliniki. Ile dozi ya siku kumi. Mutheu alikuwa amemeza ya siku nne. Vidonge vya siku sita alikuwa amevifunga kwa karatasi ya daftari, na juu yake ameandika kwa zile herufi zake kubwa: "Kui. Za koo."

Agosti sauti yangu ilikuwa imekauka, huenda mnakumbuka. Alinisikia redioni akiwa jikoni. Akaniwekea zangu.

Daktari anasema hawezi kuapa kwamba siku hizo sita zingemwokoa. Nilimuuliza mara mbili. Hawezi kuapa, wala hawezi kukataa. Nimechoka, wapendwa. Nalala na hilo, naamka na hilo.

Nilimngoja Syokau anilaumu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Wewe ndio uliwaambia waanze. Sasa waambie waache. Si wewe wanakusikiliza?" Dawa zote tulizipeleka hospitali zikateketezwe.

Kwa hiyo nayafuta maneno yangu, kwa maikrofoni hii hii. Nilikosea. Usimpe jirani dawa zako. Usichukue zake. Usijipimie antibayotiki kwa kila mafua na kila koo. Ukiandikiwa, zimeze kama ulivyoelekezwa, hadi mwisho, hata kama umepata nafuu. Huo si uchoyo. Nasema tena: huo si uchoyo. Na kama mkebe uko juu ya kabati lako kwa sababu yangu, nakuomba uushushe usiku wa leo uutazame vizuri.

Kwako Syokau, kwa Mzee Muli, kwa wote wa ploti na wenzake wa kiwandani, poleni sana. Mungu awashike. Mutheu wenu alikuwa mwema. Mkebe ule aliujaza kwa upendo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Dianah ananisukumia simu ya studio. Meseji nyingi, nyingi ni za kunipa pole ya kikohozi. Nisome moja, ya mama mmoja wa Ruiru. Imeingia mapema, nilipokuwa nawasalimu. "Pole Kui. Mtoto wangu alipewa za rangi mbili juzi na leo ameamka anacheza. Zimebaki. Nikuletee?"

Hapana, mama. Asante. Mpe mtoto amalize.