Mtaji wa Mara ya Pili

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stesheni ya reli, hapa Shinyanga mjini: mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa na birika la Hatibu muuza kahawa. Asubuhi hiyo alikuwepo Abdulshakur, dalali wa pamba tunayemwita Makisio kwa sababu hakuna jambo asilolikisia. Alikuwepo Deogratias wa bajaji, yaani Injini. Na mwisho wa benchi alikaa mzee Magesa, aliyechimba dhahabu Geita mpaka magoti yakamkataa. Yeye tunamwita Duara, jina la yale mashimo aliyokuwa akishuka. Habari ya mjini ilikuwa moja: Hosiana amempa Juliana mtaji tena.

Hosiana tunamjua wote. Ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Didia. Alipokuwa shule ndiye aliyepanda kichuguu na simu za nusu ya kijiji kutafuta mtandao, akashuka na ujumbe wa kila mtu. Akasoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam, akaajiriwa na kampuni ya simu, kisha akaacha kazi ile nzuri akaenda Geita kukaa na wachimbaji wadogo. Alikuwa ametengeneza kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kinafungwa kwenye matimba, yale magogo yanayozuia shimo lisiporomoke. Gogo likianza kupinda, kinalia chini na juu. Leo kinalia kwenye migodi ya nchi kadhaa. Alipoiuza kampuni aliyoianzisha kwa kidude hicho, tulidhani atahamia mbali. Akarudi hapa, akapanga vyumba juu ya duka la pembejeo, akaanza kuwapa vijana mtaji wa kuanzia. Anachukua hisa kidogo kwenye kampuni zao, kisha anasubiri.

Juliana wa Samuye alikuwa mmoja wao. Alitengeneza kisanduku cha kupozea chanjo ya kuku, kinachotumia jua. Mwaka jana, joto lilipokaza, betri zilikufa kimyakimya, chanjo ikaharibika na hakuna aliyejua. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipoingia, Samuye ilibaki na mabanda matupu. Watu walimpita Juliana njiani bila salamu.

– Sasa mtu kama huyo unampaje tena? akauliza Injini.

Alikuwa na kisa chake. Aliwahi kupeleka wazo la bajaji ya umeme, Hosiana akamuuliza betri ikichoka itakwenda wapi, na Injini hakuwa amefika huko. Akarudishwa akafikirie.

Makisio alisema jibu liko wazi, Juliana ni mtoto wa shangazi yake Hosiana. Hatibu akamkumbusha kwamba huyo shangazi hajawahi kuzaa. Basi, akasema Makisio, ni ubunge. Anazitafuta kura za Samuye mapema. Injini akasema kura hazitafutwi kwa mtu aliyeua kuku wa wapiga kura. Makisio akanywa kahawa, akasogea, akashusha sauti. Visanduku vile, akasema, havibebi chanjo. Vinabeba dhahabu, chini ya barafu.

– Dhahabu inaogopa jua? akauliza Hatibu.

– Hapo ndipo penyewe. Nani atafikiria kuitafuta kwenye barafu?

Tulicheka. Wakati huo alikuja mama mmoja na furushi la khanga, Mwaisha, mgeni kwetu, aliyekuwa anasubiri gari la Kahama. Akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kikombe na nafasi ya kukaa. Ndipo Duara akaweka kikombe chake chini.

– Kidude cha kwanza hakikulia, akasema.

Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kulisikia hilo. Akatueleza taratibu. Mwaka ule wa kwanza Hosiana alifunga vidude vyake kwenye duara alilokuwa akichimba mzee mwenyewe na Raphael, kijana wa Ushirombo. Siku moja Duara alikuwa ametangulia kupanda. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, gogo likapinda, na kidude kikanyamaza kwa sababu unyevu ulikuwa umeingia ndani yake. Walimtoa Raphael kesho yake.

Hosiana alikwenda Ushirombo msibani. Wachimbaji walimwambia asiende, wakihofia ndugu wa marehemu. Alikwenda. Akakaa chini na wanawake, na maziko yalipokwisha akamfuata mama wa Raphael, Mama Generoza, akamwambia ukweli wote: kwamba kidude ni chake, na kwamba anavikusanya vyote na hatarudi tena machimboni.

Duara alikuwa amesimama karibu yao.

– Yule mama hakumfukuza, akasema Duara. Halafu akamwambia: “Mwanangu alikiamini. Wewe ukiondoka, na wenzake waliobaki wataamini nini? Nenda ukakitengeneze kilie.”

Hosiana alirudi Geita. Alikaa masika yote machimboni, akivitumbukiza vidude kwenye matope na kuvifungua tena. Mwaka uliofuata kimoja kililia mchana, watu wakapanda mbio, na shimo likaporomoka nyuma yao. Duara alikuwa wa mwisho kutoka.

Injini akasema polepole kwamba kumbe Juliana naye alikwenda kila nyumba Samuye kuomba radhi. Alikuwa amelisikia hilo, ila hakulitilia maanani. Hata Makisio hakukisia kitu.

Mwaisha alikuwa amemaliza kahawa. Akamrudishia Hatibu kikombe, akamgeukia mzee.

– Na huyo Mama Generoza, baba, siku hizi anaendeleaje?

Hatibu akamtazama Injini. Injini akanitazama mimi. Tulikuwa tumezungumza habari za Hosiana asubuhi nzima, kuanzia kichuguu mpaka barafu, na hakuna aliyejua kama yule mama yu hai.

Mwaisha akajitwisha furushi, akaaga. Gari lake lilikuwa linapiga honi.

– La Ushirombo linaondoka saa ngapi? akauliza Duara.

– Alfajiri, akasema Hatibu.

Injini akasema atampitia nyumbani na bajaji, ampeleke stendi.